Maji ya Kijani Kwenye Tangi la Mvua: Somo la Usafishaji kwa Anayeanza, kwa Mfano wa Kaya ya Sepuka

Mwezi Oktoba, kabla mawingu hayajakusanyika juu ya Sepuka, matangi mengi ya kuvunia mvua huwa yamebakiwa na maji ya chini tu, au hayana kitu. Hiki ndicho kipindi cha kuyasafisha, na ni kifupi. Mkoa wa Singida hupata msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Kaya isiyoandaa tangi lake kabla ya hapo huvuna maji mapya juu ya uchafu wa zamani.

Chukulia mfano wa kaya moja katika kata hiyo ya Wilaya ya Ikungi: nyumba ya bati, na nyuma yake tangi la saruji lililochimbiwa ardhini. Wenye nyumba walihamia mjini kwa miaka 2 kumuuguza mama. Kifuniko cha mbao kikaoza na kuanguka, majani ya mti wa jirani yakajaa ndani, na kuku wakafanya ukingo wa tangi kuwa mahali pa kulala. Sasa mama ameruhusiwa kutoka hospitalini, ini lake likiwa bado dhaifu, na kijana wake ametangulia kuandaa nyumba. Anapochungulia tangini anaona maji ya kijani mazito, mfano wa mlenda uliolala chunguni.

Kijana huyo hufanya wafanyalo vijana wengi: hutafuta maelekezo kwenye simu. Mengi atakayoyapata yameandikwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea. Humwambia amwage klorini nyingi jua linapozama, asugue kuta, awashe pampu usiku kucha, kisha aongeze dawa ya kuua mwani. Hapo maji yatageuka kutoka kijani hadi kuwa na ukungu, na hatimaye yatakuwa meupe. Kwa bwawa la kuogelea, mengi ya maelekezo hayo ni sahihi. Bwawa lina pampu na chujio la kunasa mwani uliokufa, na maji yake hayakusudiwi kunywewa. Tangi la Sepuka halina pampu wala chujio, na maji yake ndiyo atakayomezea mgonjwa dawa. Katika tofauti hiyo maelekezo ya simu huacha kuwa msaada.

Kijani hicho ni nini

Mwani ni viumbe vidogo vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mimea ifanyavyo. Huhitaji mambo manne: mwanga, maji yaliyotulia, joto na rutuba. Katika tangi la mfano, kifuniko kilichoanguka kilileta mwanga, na kinyesi cha kuku pamoja na majani yaliyooza vikaleta rutuba, hasa fosforasi na naitrojeni. Jua la Singida halikuhitaji kualikwa.

Hata hivyo, si kila kijani ni mwani wa kweli. Kuna kundi la bakteria wanaotumia mwanga kwa namna hiyo hiyo, ambao kitaalamu huitwa saianobakteria. Baadhi yao hutengeneza sumu zinazodhuru ini, neva au ngozi. Wengine hawana madhara yoyote. Wakazi wa Singida wanaowaona heroe wakiinamisha midomo katika Ziwa Singidani wanawaona ndege ambao chakula chao kikuu katika maziwa ya magadi ni saianobakteria. Lakini mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi katika maziwa ya Momela na Manyara, kaskazini mwa Tanzania, na watafiti wakazitilia shaka sumu za saianobakteria wa aina nyingine. Rangi peke yake, basi, haimwambii mtazamaji kama maji yana sumu.

Zipo njia mbili za nyumbani za kukisia. Ya kwanza ni kuzamisha kijiti majini na kukiinua. Kikitoka na nyuzinyuzi ndefu zinazoning'inia kama nywele, yaelekea ni mwani wa kawaida. Kikitoka kama kilichochovywa kwenye rangi ya mafuta, saianobakteria washukiwe. Ya pili ni kujaza chupa angavu robo tatu, huku mkono ukiwa ndani ya glavu, na kuiacha kivulini usiku kucha bila kuitikisa. Saianobakteria wengi huelea na kufanya utando juu, ilhali mwani mwingi hutuama chini. Njia hizi hukisia tu. Hazipimi sumu, na jibu la kufurahisha lisimfanye mtu ayanywe maji hayo. Kipimo cha kweli hufanywa maabara.

Kuua mwani si kusafisha maji

Sura hii ndiyo inayokosewa zaidi, hata na watu wenye elimu.

Sumu nyingi za saianobakteria hukaa ndani ya seli zao. Kiumbe anapokuwa hai, sehemu kubwa ya sumu imefungwa humo. Anapouawa kwa ghafla, seli hupasuka na sumu humwagika majini. Maji huanza kung'aa, na mwenye tangi hufurahi, wakati huo huo hatari ikiwa imepanda.

Jambo hilo lilitokea Palm Island, katika jimbo la Queensland nchini Australia, mwaka 1979. Bwawa la maji ya kunywa la kisiwa hicho lilikuwa limejaa saianobakteria, na wakazi wakalalamikia ladha na harufu. Bwawa likatiwa salfeti ya shaba, yaani mrututu. Siku chache baadaye watu walianza kuugua: kutapika, ini kuvimba, figo kuathirika, kuharisha damu. Watu 148 walipata ugonjwa huo, karibu wote wakiwa watoto. Mrututu ulikuwa umefanya kazi yake ya kuua, na kuua huko ndiko kulikoachia sumu.

Habari ya pili inawahusu zaidi wahudumu wa hospitali. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, kituo cha kusafishia damu cha wagonjwa wa figo kilikuwa kikiletewa maji kwa gari kutoka bwawa lenye saianobakteria, na usafishaji wa maji hayo haukutosha. Wagonjwa 116 walipata kichefuchefu, kutapika na kuona ukungu. 100 kati yao ini lilishindwa kufanya kazi. Na vifo 52 vilihusishwa na sumu hizo. Mgonjwa wa figo hukutanisha damu yake na zaidi ya lita 100 za maji katika kikao kimoja, kwa hiyo kiasi kidogo cha sumu kwake si kidogo.

Kutokana na hayo yapo mambo mawili ambayo kijana wa Sepuka anapaswa kuyakataa hata akishauriwa na mtu anayemheshimu. La kwanza ni mrututu. Mzee wa jirani anaweza kumwambia kwa nia njema, "Mwanangu, tia mrututu kidogo, yatakuwa meupe kesho." Mrututu ni dawa ya mimea shambani, na haufai kutiwa katika tangi la maji ya kunywa la familia. La pili ni kuyachemsha maji ya kijani ili yatumike. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na kwa kazi hiyo hakuna njia rahisi inayokuzidi. Lakini maikrosistini, sumu ya ini inayojulikana zaidi katika kundi hili, hustahimili kuchemka. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu hubaki sufuriani katika maji machache zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 tu ya maikrosistini kwa lita kwa maji yanayonywewa maisha yote.

Uamuzi wa kumwaga

Katika nchi yenye maji mengi, kumwaga tangi la maji machafu hakuhitaji mjadala. Sepuka mwezi Oktoba, lita 1,000 za kijani zilizobaki chini ni lita 1,000, na kuna mtu atakayeuliza kwa nini zisinyweshwe mbuzi. Zisinyweshwe. Mifugo hufa kwa sumu hizi kama watu, tena upesi, kwa kuwa hunywa utando wenyewe unaoelea juu. Maji hayo yasimwagwe lamboni, ambako yangepeleka mbegu ya tatizo kwa kijiji kizima, wala yasimwagiliwe mchicha na mboga nyingine za majani. Yatolewe kwa ndoo yenye kamba na kumwagwa katika shimo lililochimbwa mbali na kisima, kwenye udongo usiopandwa chakula, kisha shimo lifukiwe. Mwenye kazi avae viatu vya mpira na glavu, na ajiepushe na kurusha matone usoni.

Wapo watakaosema kwamba ni afadhali kuliacha tangi lenyewe na kurudi kwenye kisima kirefu. Hoja hiyo isipokewe haraka. Visima kadhaa vya mkoa wa Singida vina floridi nyingi, madini ambayo yakizidi miligramu 1.5 kwa lita kwa miaka mingi huharibu meno ya watoto, na yakizidi sana huathiri mifupa. Maji ya mvua yana floridi kidogo mno. Tangi safi la mvua ni mali ya afya, na linastahili kazi ya siku tatu.

Kuingia ndani

Mwani hautishi kama tangi lenyewe linavyotisha. Tangi la chini lililofungwa au lenye mdomo mwembamba, na tope linalooza ndani yake, huweza kuwa na hewa isiyo na oksijeni ya kutosha. Kuoza huko huzalisha pia gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ikiwa nyingi huipumbaza pua, na anayesema harufu imeisha anaweza kuwa ndiye aliye karibu kuanguka. Mtindo wa ajali hizi hufanana kila mahali: mmoja anaingia na kuzimia, wa pili anaruka kumwokoa, na wote wawili wanatolewa wakiwa wamekufa.

Kwa hiyo tangi lisugulwe kutoka juu kila inapowezekana, kwa brashi iliyofungwa kwenye mti mrefu. Tangi la mfano lina kina cha mita 2, na mti wa mita 3 unatosha kufika kila pembe. Ikiwa ni lazima kuingia, mdomo uachwe wazi kwa siku nzima au zaidi, na anayeingia afungwe kamba kifuani. Juu wabaki watu wawili wenye nguvu ya kumvuta, na wasimfuate ndani kwa sababu yoyote. Pampu ya petroli au jiko la mkaa visiwekwe tangini wala mdomoni mwake, kwa maana moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Mshumaa usitumiwe kama kipimo cha usalama: unaweza kuendelea kuwaka huku sumu ikiwa tele. Mtoto, mjamzito, mwenye pumu na aliyekunywa pombe wasishiriki kazi hii.

Tope lote litolewe, na kuta zisuguliwe hadi utelezi uondoke. Hatua hii haina mbadala wa dawa. Klorini inayotiwa juu ya mwani na tope hujimaliza kwa kupambana na uchafu huo kabla haijagusa vijidudu, na ndiyo sababu mtu hutia dawa nyingi, akanusa harufu kali, na bado tangi likarudi kuwa kijani baada ya wiki mbili. Nyufa zizibwe kwa saruji wakati huu, nazo zipewe siku za kukauka. Saruji mbichi huyapa maji hali ya magadi, na katika maji ya namna hiyo klorini hupungua nguvu.

Dawa na hesabu yake

Kwanza ujazo ujulikane. Kwa tangi la duara, nusu ya kipenyo huzidishwa kwa nusu ya kipenyo, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina. Tangi la mfano lina kipenyo cha mita 2.5 na kina cha mita 2: 1.25 × 1.25 × 3.14 × 2 ni takriban mita za ujazo 9.8, yaani lita 9,800.

Mwongozo unaotumiwa sana katika huduma za dharura za maji huelekeza kutia gramu 80 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi, kulijaza maji safi, kulifunika kwa saa 24, kisha kuyamwaga yote. Kwa tangi hili ni karibu gramu 800 za unga na lita 9,800 za maji ya kumwaga. Sepuka mwezi wa kumi, huo si ushauri.

Ipo njia ya pili inayokubalika, nayo ni kupaka kuta na sakafu maji yenye miligramu 200 za klorini kwa lita, na kuziacha zikiwa na unyevu huo kwa dakika 30 zisipungue. Ndoo ya lita 20 inahitaji gramu 4 za klorini halisi. Hizo hupatikana katika takriban gramu 6 za unga uliotajwa, au mililita 115 za dawa ya maji ya kufulia nguo nyeupe yenye asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni. Ndoo mbili hutosha kwa tangi hili. Kupaka kufanywe kutoka juu kwa brashi ya mti mrefu. Baada ya nusu saa kuta zisuuzwe kwa maji kidogo safi, na maji yaliyokusanyika chini yatolewe.

Unga wa klorini una tabia zake. Unga ndio hutiwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya unga. Usichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani mvuke wake huunguza mapafu. Usikutanishwe na vidonge vya klorini vya mabwawa ya kuogelea, ambavyo ni kemikali nyingine: mchanganyiko huo huweza kulipuka. Vidonge hivyo vina kiambato cha kuikinga klorini dhidi ya jua, na visitiwe kwenye maji ya kunywa kwa sababu tu vimeandikwa klorini. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Singida huwa na dumu la mafuta ya alizeti stoo, ikumbukwe kwamba unga huu ukigusana na mafuta unaweza kuwaka moto wenyewe. Uhifadhiwe pakavu, peke yake, mbali na mafuta, petroli na mikono ya watoto.

Kifuniko na mvua ya kwanza

Bila mwanga mwani hauishi. Kifuniko kisichopitisha mwanga hufanya kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya kwa mwaka mzima. Kiwe cha zege au cha bati lililowambwa kwenye fremu imara, chenye kufuli, na matundu yote ya kuingizia na kumwagia maji yawe na wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Kufuli halikuandikwa hapa kwa ajili ya wezi. Tangi la chini lisilofunikwa huzamisha watoto, na mtoto wa miaka miwili hahitaji maji mengi. Matawi yanayoinamia paa yakatwe, magata yasafishwe, na kuku watafutiwe banda.

Mvua ya kwanza huosha vumbi na vinyesi vya miezi sita, kwa hiyo isiingizwe tangini. Paa la mita za mraba 60 hutoa lita 60 kwa kila milimita 1 ya mvua, na milimita hiyo ya mwanzo ndiyo ya kumwaga, au mbili pale paa lilipo chafu sana. Kiungo cha bomba kinachoweza kugeuzwa kwa mkono kinatosha. Mtu wa nyumbani akumbuke tu kutoka nje mvua inapoanza. Kwa kukadiria kwamba moja ya tano ya maji hupotea kwa kuruka na kuvuja, paa hilo huingiza lita 48 kwa kila milimita. Tangi la lita 9,800 litahitaji milimita 204 za mvua kujaa. Singida hupata takriban milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, hivyo tangi litajaa kabla ya msimu kwisha.

Maji mapya yaliyo meupe hutibiwa kwa miligramu 2 za klorini kwa lita, ambazo kwa lita 1,000 ni gramu 3 za unga. Ni rahisi zaidi kutibu maji ya kunywa peke yake, ndoo kwa ndoo, kwa vidonge vya kutibu maji na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha kusubiri dakika 30.

Zahanatini

Mgonjwa anayekuja na kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo hupimwa malaria na hupewa chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, na hivyo ndivyo inavyostahili. Swali linalosahaulika ni la chanzo cha maji. Mhudumu aulize maji ya nyumbani yana rangi gani, kama yalitiwa dawa yoyote siku za karibuni, na kama kuna mbuzi, ng'ombe au mbwa waliokufa baada ya kunywa mahali fulani. Vifo vya mifugo kando ya lambo la kijani ni habari ya afya ya binadamu, na afisa afya wa kata aipate siku hiyo hiyo, pamoja na ofisi ya RUWASA ya wilaya, ili sampuli ipelekwe maabara kabla upepo haujautawanya utando. Macho ya manjano, mkojo mweusi au damu kwenye kinyesi humpeleka mgonjwa hospitali yenye uwezo wa kupima ini na figo. Sumu hizi hazina dawa maalumu ya kuziondoa mwilini. Tiba ni kumtegemeza mgonjwa na kumwondoa kwenye maji yale.

Kwa mama wa mfano wetu, aliyeruhusiwa na ini dhaifu, wauguzi wangeweza kuliuliza swali hilo siku ya kumwandikia dawa za kwenda nazo, kabla hajapanda basi la kurudi Sepuka. Kijana wake angejibu kwamba tangi limesafishwa ila bado ni tupu. Basi hadi mvua ya pili, maji ya mama yangechotwa kwenye bomba la kijiji, yakatibiwa katika ndoo yenye kifuniko, na ndoo hiyo ikawekwa ndani, mbali na jua.